BIMA YA AFYA KWA WAENDAO KAZINI NG'AMBO

Tangu askari wetu wastaafu walipoanza kuajiriwa mwaka 2005 kulinda kambi za Wamarekani nchini Iraki, safari ya kazi ng'ambo imekuwa jambo la kawaida katika nyumba zetu. Wengine walikwenda Afghanistan, hata majeshi ya Marekani yalipoondoka huko mwaka 2021. Wengine wako Dubai, Abu Dhabi na Qatar wakilinda hoteli, benki na maghala. Hatuna nia ya kumzuia mtu. Aliyelitumikia taifa kwa uaminifu na akapewa hati yake ya kustaafu ana haki ya kutafuta riziki popote ilipo halali. Lakini ipo karatasi moja ambayo wengi hutia sahihi bila kuisoma, nayo ni hati ya bima.

Sababu ya kutoisoma twaifahamu, maana ndiyo desturi tuliyolelewa nayo sote. Askari akiumwa huenda zahanati ya kikosi. Akizidiwa hupelekwa Bombo au Mbuya, wala haulizwi fedha mlangoni. Miaka ishirini ya maisha hayo humfanya mtu aamini kwamba hospitali hufuatana na sare, kama mkanda na buti. Siku avuapo sare, hospitali nayo imevuliwa. Katika shule ya makadeti tulifundishwa kusoma ramani gizani, lakini hapana mkufunzi aliyetufundisha kusoma hati ya bima. Na hati hiyo, tukisema kweli, ni ngumu kuliko ramani.

Kwa wale wanaoajiriwa chini ya kandarasi za serikali ya Marekani, ipo sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1941 iitwayo Defense Base Act. Kwa kawaida sheria hii humlazimu mwajiri kumkatia bima kila mfanyakazi aliye nje ya Marekani, hata kama si raia wake. Akiumia kazini, hutibiwa kwa gharama ya bima. Akishindwa kabisa kufanya kazi, hulipwa theluthi mbili za wastani wa mshahara wake wa juma. Akifa kwa ajali ya kazi, mjane wake hulipwa nusu ya mshahara huo, na theluthi mbili ikiwa ameacha watoto. Lakini haki hii ina muda wake. Habari za jeraha zapasa kumfikia mwajiri kwa maandishi katika siku 30, na madai yapelekwe kabla ya mwaka mmoja kwisha.

Tulipata kumpokea ofisini sajini mmoja mstaafu aliyeumia mgongo kwa kuanguka kutoka mnara wa ulinzi. Alikuwa na picha, alikuwa na barua ya sifa kutoka kwa mkuu wake wa kazi, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya daktari. Aliambiwa apumzike, naye kwa utii wa kiaskari akapumzika. Alipotujia, mwaka wa pili ulikuwa ukimalizika. Utii ule ule tuliomfundisha sisi ndio uliomponza.

Huko Ghuba mambo ni tofauti. Dubai, kwa sheria namba 11 ya mwaka 2013, mwajiri ndiye alipaye bima ya afya ya mfanyakazi, wala haruhusiwi kumkata mshahara kwa ajili yake. Basi wakala anayekudai fedha za "bima ya Dubai" kabla hujapanda ndege aulizwe fedha hizo ni za nini hasa, na aulizwe pia leseni yake ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Yafaa ikumbukwe kwamba bima ya mwajiri humtibu mfanyakazi huko aliko. Mke na watoto waliobaki Kampala au Gulu hawamo.

Wako wanaodhani kwamba bima ya msafiri yatosha, ile ya bei nafuu inayouzwa pamoja na tikiti. Hata ile inayodaiwa na nchi za Schengen, yenye kima cha chini cha Yuro 30,000, imeandikwa kwa ajili ya mgeni wa siku chache anayeugua ghafula. Bima za namna hiyo mara nyingi hukataa madhara ya vita, na nyingine hukataa kazi za hatari. Mlinzi mwenye bunduki ayatafute maneno hayo kwanza, nayo kwa kawaida yamo kurasa za mwisho, kwa herufi ndogo.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari aseme kabla ya kutia sahihi. Tunajua wengi huficha wakihofia kukosa kazi. Lakini ugonjwa uliofichwa ndio sababu rahisi kuliko zote ya shirika kukataa kulipa. Aulize pia kama hati inalipa ndege ya kumrudisha mgonjwa nyumbani, na kama inalipa kusafirisha maiti. Ni swali chungu, hasa mbele ya mke, lakini jamaa zisizoliuliza zimelazimika kuchanga fedha matangani huku mwili ukingoja katika nchi ya watu.

Nakala ya hati iachwe nyumbani, ikiwa na namba ya hati na simu ya shirika la bima lenyewe. Simu ya wakala haitoshi. Mawakala hubadilisha simu.