Bomba la geti liuzwe kwa kilo

Mnunuzi anayefika Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta skwea paipu za geti au fremu ya dirisha huulizwa swali moja tu: inchi ngapi? Unene wa ukuta wa bomba hautajwi, na asiyeuliza haambiwi. Hapo ndipo fedha za wananchi wanaojenga zinapopotelea.

Bomba la milimita 40 kwa 40, lenye urefu wa mita 6 na unene wa milimita 1.5, lina uzito wa takriban kilo 10.8. Lile la milimita 1.2 ni takriban kilo 8.7. Kwa macho yanafanana kabisa, hasa yakiwa yamepakwa mafuta. Muuzaji akitoa la pili kwa bei ya la kwanza, mteja amepunjwa karibu moja ya tano ya chuma alicholipia.

Kutaja geji hakusaidii sana, kwani wengi hudhani geji 18 ni nene kuliko geji 16. Ukweli ni kinyume chake: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Muuzaji ataje milimita, kisha bomba liwekwe kwenye mizani. Mizani haidanganyiki kwa urahisi, na Wakala wa Vipimo ipo kwa ajili ya kuikagua. Kwa maoni ya ukurasa huu, duka lisilokubali kupima bomba lihamwe.

Aidha, mafundi nao wana lawama yao. Wengi humshauri mteja anayetaka geti imara aongeze unene, wakati mara nyingi ingefaa kuongeza upana. Bomba la 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 1.5 ni jepesi kidogo kuliko la 40 kwa 40 lenye milimita 2, lakini hustahimili kupinda zaidi kwa kama nusu. Geti pana linalolegea upande wa kitasa kwa kawaida lilinyimwa upana, na fundi huja baadaye kuongeza mkingamo na gharama.

Hata hivyo, wembamba una kikomo. Chini ya milimita 1.5, fundi mwenye mashine ya kawaida ya umeme na vijiti vya milimita 2.5 hutoboa bomba, halafu huziba tundu kwa kurundika risasi ya kuchomelea, akisawazisha kwa grenda hadi kiungo kikose nguvu. Kazi nyembamba inataka vijiti vya milimita 2 na mkono uliotulia.

Mabomba yenye zinki yanapendwa Pwani kwa sababu ya kutu, nasi tunaafiki. Lakini zinki isagwe kwanza mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike penye upepo, kwa kuwa moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku huo huo. Maziwa ambayo mafundi hunywa hayazuii lolote.

Lipo pia suala la kutu ya ndani, ambayo rangi ya nje haiifikii. Ncha zote za bomba zizibwe kwa kuchomelea. Pasipozibika, kitobolewe kitundu upande wa chini ili maji yatoke. Fundi atakayesema kitundu hicho kinaharibu sura ya geti aulizwe ni nani atakayelipia geti jipya.