Maji ya Chokaa Hayaishii Kwenye Weupe

Karibu kila mwanafunzi wa sekondari aliyebahatika kuingia maabara amewahi kupuliza pumzi yake kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, akayaona yakigeuka meupe kama maziwa. Mwalimu husema, "Hiyo ndiyo kabonidayoksaidi," wanafunzi huandika, na neli huoshwa. Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Kwamba ukiendelea kupuliza weupe ule hutoweka, nilikuwa nimelisoma kitabuni kwa mstari mmoja tu. Sikuliona kwa macho yangu mpaka nilipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu. Niliona haya.

Kwa maoni yangu, nusu hiyo ya pili tunayoimwaga ndiyo iliyo na maana zaidi kwa kijana wa leo, kwa sababu ndiyo ielezayo yanayoipata bahari.

Tuanze na chokaa yenyewe. Wazee wetu wa pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, walichoma mawe ya matumbawe juu ya marundo ya magogo wakapata chokaa ya kujengea. Moto huifukuza kabonidayoksaidi kutoka katika jiwe. Ukuta ukishapakwa chokaa iliyozimuliwa kwa maji, huinywa tena gesi hiyo kutoka hewani, polepole, hata chokaa ikawa jiwe upya. Maziwa tuyaonayo katika neli ni jiwe hilo hilo: kaboneti ya kalsiamu, dutu ya tumbawe, kombe na kauri. Lakini gesi ikizidi, huungana na maji ikawa asidi ya kaboni, na asidi hiyo huigeuza kaboneti kuwa bikaboneti, ambayo huyeyuka. Kilichojenga ndicho kinachobomoa.

Sasa tutazame hewa. Kabla ya enzi ya viwanda, kabonidayoksaidi ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni. Charles David Keeling alipoanza kuipima huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikwisha fika 315. Siku hizi imepita 420. Kwamba gesi hii hunasa joto, John Tyndall alilithibitisha tangu mwaka 1859, na wanafunzi wetu wamelisikia. Wasilolisikia ni kwamba karibu robo ya gesi tuitoayo kila mwaka huingia baharini. Tangu viwanda vianze, wastani wa pH ya maji ya juu ya bahari umeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1.

Hapo mwanafunzi hucheka: moja ya kumi tu! Lakini kipimo alichotuachia Sørensen mwaka 1909 ni cha logi. Na achukue kitabu chake cha hisabati atafute kumi kwa kipeo cha 0.1, atapata 1.26. Maana yake ni kwamba ioni za haidrojeni zimeongezeka kwa zaidi ya robo, na ioni hizo huzinyakua zile za kaboneti ambazo tumbawe huzihitaji ili kujenga mifupa yake.

Lakini tusitie chumvi. Bahari haijawa asidi. Bado ni alikali. Wala matumbawe ya pwani yetu hayayeyuki kama unga ulio katika neli. Kinachotokea ni kwamba ujenzi wao unazidi kuwa mgumu. Pia tusichanganye mambo: matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yaliyopauka mwaka 1998 yalipaushwa na joto la maji, si na asidi. Ni madhara mawili ya gesi moja. Ndiyo maana wale wanaopendekeza kutawanya vumbi angani ili kupunguza makali ya jua hawanishawishi. Hata dunia ikipoa, gesi itabaki hewani na kuendelea kuingia baharini.

Walimu wataniambia kwamba hawana maabara, na kwamba mtihani hauulizi hayo. La mtihani ni kweli, na watungaji wake wana lawama. La maabara silikubali. Nunua chokaa mpya dukani (iliyokaa wazi kwa muda mrefu imekwisha kunywa gesi, haifai), ikoroge katika maji, iache ituame usiku kucha, kisha mimina maji maangavu ya juu. Yaongezee maji ya mvua mara kadhaa ya kiasi hicho ili weupe uweze kuondoka, kwa kuwa pumzi ya mtu ina gesi hiyo asilimia nne tu hivi. Wanafunzi wapokezane mrija. Watapuliza dakika kadhaa na watachoka, nawe usiwaambie kitakachotokea. Ila wapulize, wasivute: maji ya chokaa huunguza koo.