Goti si uzee tu
Hapa Basotu, mama aliyebeba ndoo na kuinamia jembe tangu usichana akianza kuchechemea kwa maumivu ya goti, tunasema ni uzee, kisha mtoto anatumwa dukani kununua vidonge vya diklofenaki. Ndani ya goti lile, mara nyingi gegedu limelika. Vidonge hutuliza maumivu, gegedu havilirudishi, na vikimezwa kiholela huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha; jeli ya kupaka ya dawa hiyohiyo ina madhara machache zaidi. Mimi natetea mazoezi: keti kitini, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha, rudia kila siku kwa wiki kadhaa. Na fimbo, wazee wangu, ishikeni kwa mkono wa upande usiouma.