Usiivute pua, mshikaji!

Kurusha ndege ya rimoti si kazi; kasheshe iko kwenye kutua. Ndege inakuja taratibu, mrushaji anaona inashuka mno, roho inampaa, anavuta pua juu. Ghafla puu! Fedha zote ziko chini, vipande vipande.

Kisa ni nini? Bawa linabebwa na hewa inayopita juu yake vizuri. Pua ikiinuka mno, hewa inaachana na bawa, ndege inadondoka kama senene aliyenyonyolewa.

Dawa ni hii. Tua ukikabili upepo. Mchana kando ya ziwa mara nyingi unavuma kutoka majini. Acha pua chini kidogo ili mwendo usife. Ikishuka mno, ongeza moto, usivute! Ikibaki kama futi moja, hapo ndipo uinyanyue pua polepole. Jizoeze kwanza juu sana: punguza moto mpaka ndege ilegee, kisha shusha pua uiokoe.

Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ikatua wima kwa kugeuza rota zake. Yako haina ujanja huo, bwana.

Halafu uwanja wa ndege wa Bukoba uko hapo hapo mjini. Kaa nao mbali kabisa, na uwaulize TCAA kuhusu kibali kabla hujarusha. Ndege kubwa ina watu ndani, usilete mchezo.

Haya, kazi kwako!