Itayarishe Cherehani Kabla ya Kudarizi Mfarishi

Mfarishi una matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba katikati na bitana chini. Vipande ulivyoviunganisha kwa miezi mingi vyaweza kuharibika kwa dakika chache iwapo cherehani haikutayarishwa.

Matabaka yakiisha kupigwa bandi, yashushe meno yanayosukuma kitambaa. Ikiwa cherehani yako haina namna ya kuyashusha, yafunike kwa kibati chake. Kisha uondoe mguu wa kawaida, ufunge ule wa kudarizia, na utie sindano mpya.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: mguu wa kudarizia haukikandamizi sana kitambaa, basi husahau kuushusha. Mguu ukibaki juu, uzi hukosa mkazo na kufanya mafundo chini. Ushushe, uvute uzi wa bobini juu, na uzishike nyuzi zote mbili unapoanza.

Sasa mikono yako ndiyo meno. Ukivuta kwa pupa, mishono hurefuka na sindano hupinda hata ikavunjika. Ukikawia, mishono hurundikana. Kanyaga kwa mwendo mmoja, vidole vikae mbali na sindano.

Ujaribu kwanza katika kipande chenye matabaka yale yale. Uzi wa bobini ukionekana juu, legeza mkazo wa uzi wa juu. Uzi wa juu ukionekana chini, ukaze. Robo saa ya majaribio si hasara; hasara ni kufumua.