Uliza kilichotupwa

Mwezi Mei 2017 Watanzania tulijikuta tukibishana kuhusu gramu. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilisema makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yaliyozuiwa yalikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani. Kampuni ya Acacia ikasema kiwango halisi ni karibu gramu 200. Sirudi kwenye ugomvi ule ili kumtafuta mkweli, maana serikali na Barrick, kampuni mama ya Acacia, walikwisha kukubaliana mwaka 2019. Ninaurudia kwa sababu ya swali ambalo halikusikika sana katika kelele zile: kila upande ulihesabu nini, na uliacha nini nje ya hesabu? Swali hilo lina uzito wa pekee hapa kwetu. Biharamulo ina mgodi uliokuwa ukiitwa Tulawaka, ambao tangu 2013 uko mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa, kupitia kampuni yake ya STAMIGOLD. Ngara ina Kabanga, penye moja ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo hazijachimbwa, na serikali ina asilimia 16 ya hisa katika mradi huo kupitia Tembo Nickel. Kati ya wilaya hizi mbili wako wachimbaji wadogo, wenye makarasha na wanunuzi, na siku hizi mwamba au kipande cha dhahabu huelekezewa mashine ya eksirei inayoshikwa mkononi, sekunde kadhaa zikapita, namba ikatokea kwenye kioo. Watu huipokea namba hiyo kana kwamba jiwe lenyewe limesema. Hoja yangu ni kwamba mashine imekwisha kuamua, kabla ya namba kutokea, ni matukio gani yahesabiwe na yapi yatupwe, na kwamba kanuni ya uamuzi huo inapaswa kuandikwa pamoja na namba yenyewe.

Waliolielewa jambo hili mapema kuliko wengine ni wanajimu, na baadhi ya hatua zao za kwanza zilianzia katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Ikapewa jina Uhuru. Ilidumu kazini hadi 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Kisichosimuliwa sana ni kwamba vihisi vya Uhuru vilipigwa muda wote na chembe za kasi zisizo eksirei, na kila chembe iliacha mshtuko wa umeme uliofanana kiasi na ule wa eksirei. Setilaiti ilitazama umbo la kila mshtuko, na pia ilitazama kama kihisi cha jirani kimeshtuka wakati uleule. Mshtuko wenye umbo lisilo la eksirei ulitupwa, na uliogusa vihisi viwili kwa pamoja nao ukatupwa. Orodha ile ya vyanzo 339 ni mabaki baada ya mchujo.

Darubini za eksirei zilizofuata ziliuingiza mchujo huo ndani zaidi. Chandra ya Marekani na XMM-Newton ya Ulaya, zote za mwaka 1999, hutumia vihisi vya silikoni vilivyogawanywa katika pikseli, kama kamera ya simu. Fotoni moja ya eksirei ikiingia kwenye silikoni huzalisha wingu dogo la elektroni, na idadi ya elektroni hizo ndiyo inayotueleza nishati ya fotoni. Wingu likiangukia katikati ya pikseli, hesabu yote inapatikana mahali pamoja. Likiangukia mpakani, elektroni hugawanyika katika pikseli mbili, tatu au nne, na inabidi zijumlishwe. Hapo ndipo penye gharama, kwa sababu kila pikseli inaposomwa huongeza kelele yake ya umeme, na kujumlisha pikseli nne huifanya kelele hiyo kuwa mara mbili ya ile ya pikseli moja. Kwa hiyo mwanajimu anayetaka kutofautisha nishati mbili zilizokaribiana huchukua matukio ya pikseli moja tu na kuyaacha mengine, ingawa ni eksirei halali kabisa. Mwenzake anayetafuta chanzo hafifu mno huyakubali pia yale yaliyogawanyika, kwa kuwa anahitaji kila fotoni anayoweza kuipata. Kihisi ni kilekile na usiku ni uleule, lakini spektra zao, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati, hazilingani, na hakuna kati yao aliyedanganya. Kuongeza unyeti, yaani uwezo wa kuona kilicho hafifu, mara nyingi hulipiwa kwa kupoteza upambanuzi wa nishati.

Msomaji anaweza kudhani basi kwamba kwa upande wa unyeti, kadiri unavyokubali matukio mengi ndivyo unavyoona zaidi. Sivyo. Tuchukue mfano wa kubuni: kihisi kimepokea matukio 100 ya chanzo tunachokitafuta, yakiwa yamezama katika matukio 10,000 ya bughudha. Bughudha hiyo hupandashuka yenyewe kwa bahati kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili, yaani karibu 100, kwa hiyo chanzo chetu hakitofautiani na mpando wa kawaida. Tuweke kanuni kali inayobakiza matukio 80 ya chanzo na 1,000 tu ya bughudha. Sasa bughudha hupandashuka kwa 32 hivi, na chanzo kinasimama mara mbili na nusu juu yake. Tumetupa moja ya tano ya kilicho halali na bado tunaona vizuri kuliko mwanzo. Ni kama mama anayechambua maharage kabla ya kuyapeleka kwenye mizani: kilo zinapungua, ila mnunuzi anajua anachonunua. Anayesema kwamba kutupa takwimu ni udanganyifu kwa kila hali hajawahi kupima kitu hafifu mahali penye kelele.

Hata hivyo pingamizi hilo lina upande wa haki, na ningependa kuushika kwa nguvu kuliko wanavyoushika baadhi ya wapingaji wenyewe. Kutupa huwa udanganyifu pale kanuni inapochaguliwa baada ya kuliona jibu. Mtu akijaribu vichujio kumi kisha akachapisha kile kilichompa namba anayoipenda, amepima tamaa yake. Ndiyo maana utaratibu mzuri ni kuweka kanuni kabla, kuitangaza, na kuyatunza matukio yenyewe ili mwingine aweze kuyachuja upya. Mafaili ya Chandra yako wazi kwa umma kwenye intaneti, na kila tukio lina nishati yake, muda wake na daraja la umbo lake. Mwanafunzi wa kidato cha sita wa Ngara mwenye kompyuta anaweza kuyafungua na kuirudia hesabu ya profesa wa Cambridge.

Sasa tushuke ardhini kwa njia ya chuma, tukianzia hukohuko angani. Mwaka 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, ilirushwa kutoka jukwaa lilelile la Malindi, na mwaka 1976 watafiti wake walitangaza kwamba wameona alama ya chuma katika gesi yenye joto kali inayojaza kundi la galaksi la Perseus. Uhuru isingeweza kuitenga alama hiyo, kwa kuwa iligawa nishati zote katika vyumba vinane tu. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2016, Hitomi, setilaiti ya Japani, ililitazama kundi hilohilo kwa upambanuzi wa nishati wa elektronivolti 5 hivi na kupima hata mwendo wa gesi hiyo, kabla ya chombo kupotea wiki chache tu tangu kurushwa. Mrithi wake, XRISM, aliyerushwa Septemba 2023, hupima joto dogo linaloachwa na kila fotoni moja moja. Fotoni ikija peke yake, joto hupanda na kushuka lote, na kipimo kinapewa daraja la juu. Ikifuatwa upesi na nyingine, mawimbi hupandana, na tukio linashushwa daraja. Chanzo king'aacho sana huleta matukio mengi, lakini sehemu ya yale ya daraja la juu hupungua. Wingi wenyewe unaharibu ubora.

Jambo hilohilo hutokea ndani ya mashine ya mkononi pale Ngara. Kihisi chake cha silikoni kinahitaji muda mfupi wa kutulia baada ya kila fotoni. Ukikipa muda mrefu, nishati inasomeka kwa makini lakini fotoni nyingi hutupwa kwa kuja zikiwa zimefuatana mno. Ukikipa muda mfupi, hesabu inapanda na mistari ya spektra, yaani nishati ambazo kila elementi hujitambulisha kwazo, inanenepa. Kabanga inaonesha kwa nini hilo si suala la nadharia. Mwamba wake wa salfaidi una chuma kingi, nikeli ya takriban asilimia 2, na kobalti isiyofika hata asilimia nusu. Chuma hutoa mstari mkuu wa eksirei kwenye kiloelektronivolti 6.40, na mwingine mdogo, wenye nguvu karibu moja kwa saba ya ule mkuu, kwenye 7.06. Mstari mkuu wa kobalti uko 6.93. Tofauti kati yake na jirani yake wa chuma ni 0.13 tu, kiasi ambacho kinalingana na unene wa mstari wenyewe katika mashine nzuri za aina hii. Maana yake kobalti ya Kabanga, madini ambayo dunia inayasaka kwa ajili ya betri, imesimama ndani ya kivuli cha chuma. Programu ya mashine hukitoa kivuli hicho kwa hesabu, na matokeo hutegemea matukio yaliyokubaliwa, sekunde zilizotumika na mwamba uliotumika kuilinganisha mashine. Nikeli iko 7.47, mbali kidogo, na husomeka kwa urahisi. Namba mbili zinazotoka kwenye kioo kimoja kwa wakati mmoja hazistahili imani sawa, lakini kioo huziandika kwa herufi zilezile.

Kwa dhahabu ya Biharamulo mtego uko mahali pengine. Mstari mkuu wa dhahabu uko 9.71, na tangisteni, metali nzito inayokaribiana na dhahabu kwa uzito, ina mstari kwenye 9.67. Hakuna mashine ya mkononi inayoweza kuitenganisha mistari hiyo miwili. Inabidi mpimaji atazame mistari mingine, tangisteni kwenye 8.40 na dhahabu kwenye 11.44. Juu ya hayo, eksirei za dhahabu haziwezi kutoka kwenye kina cha zaidi ya sehemu ndogo sana ya milimita, kwa hiyo mashine inaongelea ngozi ya kipande na kukaa kimya kuhusu moyo wake.

Ninasikia jibu la watu wa migodi: mambo makubwa hayaamuliwi kwa mashine ya mkononi. Ni kweli. Makadirio ya akiba ya Kabanga yanatokana na sampuli za uchorongaji zilizopelekwa maabara, na dhahabu yenye thamani kubwa hupimwa kwa kuyeyushwa. Lakini mashine ya mkononi ndiyo inayoamua ni jiwe gani litapelekwa maabara na lipi litaachwa pembeni, na ndiyo inayosimama kati ya mchimbaji mdogo na mnunuzi siku ya kuuza. Wapo pia wanaosema mashine zimewekwa sawa kiwandani, hakuna cha kuchagua. Mashine hizi huwa na mipangilio tofauti, mmoja wa aloi, mwingine wa mwamba, mwingine wa udongo; jiwe likipimwa kwa mpangilio wa aloi litatoa namba safi isiyo na maana. Kuchagua mpangilio ni kuchagua kanuni, hata kama anayebonyeza hajui kwamba amechagua.

Pingamizi lililo karibu zaidi na maisha ya watu ni kwamba mchimbaji wa kawaida hawezi kusoma spektra, hivyo kumpa karatasi yenye maelezo hayo ni kumwongezea giza. Simtaki aisome. Ninataka stakabadhi ya kipimo kwenye masoko ya madini, yaliyoanzishwa kuanzia 2019, iwe na mambo machache: mpangilio uliotumika, sekunde za kupima, tarehe ya mwisho ya kulinganisha mashine, na kiasi cha kutokuwa na uhakika kando ya kila asilimia. Mchimbaji akiona kwamba dhahabu yake imepimwa kwa sekunde tano na ya jirani yake kwa sitini, ana swali la kuuliza bila kwenda darasani. Spektra yenyewe ibaki kwenye kumbukumbu ya soko, ili siku ya mgogoro mtaalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kutoka Dodoma aifungue na kuichuja upya. Tume ya Madini ina mamlaka ya kutosha kuagiza hili.

Na kuna haraka kidogo, kwa sababu uteuzi mwingine hauna marejeo. Chandra haiwezi kuteremsha duniani kila kinachogusa vihisi vyake, maana njia ya redio ni nyembamba. Matukio yenye maumbo fulani hutupwa hukohuko angani, na hakuna atakayeyaona tena. Wahandisi walilikubali hilo kwa kulazimika, wakaandika ni maumbo gani yanayotupwa. Mashine ya mkononi haina kisingizio hicho. Spektra moja ni safu ya namba elfu chache, ndogo kuliko picha moja ya simu, na mashine nyingi tayari zina uwezo wa kuihifadhi. Kinachokosekana ni agizo kwamba isifutwe jioni soko linapofungwa.