Kinywaji cha Damu na Moshi

Usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ni usiku wa karamu za mizimu huko Ulaya na Marekani, majani ya miti yapukutikapo. Makongeni, Thika, mwezi huo watu hungoja mvua za vuli. Hata hivyo, kijana atakaye karamu ya namna hiyo hana haja ya kununua rangi, maana sokoni yamo matunda damu, na jina lake latosha kutisha.

Matunda sita yapasuliwe, nyama yake ipondwe na kuchujwa. Yatiwe maji ya ndimu nne na ya machungwa matatu, asali kiasi, na maji baridi. Ndimu zisikamuliwe mno. Ganda hutoa uchungu. Mtu mzima atakaye kileo na atie gilasini mwake, tena cha chupa yenye muhuri, kwa kuwa methanoli ya pombe ya magendo hupofusha na kuua.

Moshi hutoka katika barafu kavu, yaani hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Kipande kikimezwa huunguza koo na tumbo. Kikifungiwa chupani, chupa hupasuka. Basi bakuli la kinywaji likae ndani ya beseni pana, na barafu hiyo itiwe katika beseni pamoja na maji ya vuguvugu, isiguse kinywaji kamwe. Ishikwe kwa koleo, na madirisha yaachwe wazi, kwani hewa hiyo nzito hutuama chini, mahali watoto wachezapo.